Bado Ipi? Maneno ya Fundi Mkuu Siku ya Kuzindua Mfumo wa Karakana

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, uliyekubali kuja mahali ambapo hata kivuli kina grisi. Mheshimiwa Mkurugenzi wa kampuni yetu ya mabasi, baba wa magurudumu yote haya. Ndugu wageni waalikwa mliokaa mbele kwenye viti vyenye mito. Ndugu madereva na makondakta mliokaa nyuma ili mtoroke mapema. Mafundi wenzangu, ambao leo nimewatambua kwa shida kwa sababu mmeoga. Na wewe mama watoto wangu, uliyekaa karibu na mlango ukinitazama kama mtu anayechunga maziwa yasifurike: salamu zangu ziwafikie kila mmoja kwa cheo chake, na asiye na cheo achukue kimoja changu, mimi ninavyo vingi.

Kwa wasionijua, na sijui mlikuwa mmejificha wapi, mimi ndiye Fundi Mkuu. Miaka thelathini na moja niko chini ya mabasi. Breki nazisikiliza kama daktari anavyosikiliza kifua. Basi likiingia getini, kabla halijasimama, nimeshajua gurudumu gani linalalamika na dereva gani anadanganya. Kabla ya hapa nilitembea. Nimefanya kazi bandarini, nimefanya kazi mgodini, nimetengeneza malori ya watu wa lugha saba, na katika lugha zote saba najua kusema "kanyaga" na "achia". Mtu mwenye maneno hayo mawili hafi njaa popote duniani.

Hotuba hii sikuiandika kwa mkono wangu. Nimeisema kwa mdomo, Karani ameiandika, kisha akanisomea, nami nikamkatalia mara kumi na moja. Kwa nini imekuwa hivyo, mtaelewa tukifika mbele kidogo.

Ndugu zangu, leo tunazindua mfumo wa kompyuta wa karakana, na moyo wangu unadunda kama injini ya dizeli asubuhi ya baridi. Lakini nikiri: tangazo lilipobandikwa mlangoni mwaka jana, kwamba anakuja mchambuzi kukusanya mahitaji ya watumiaji, mimi nililielewa kwa akili ya nyumbani. Mahitaji si yanajulikana? Mahitaji ni sukari, chumvi, sabuni, mafuta ya kupikia. Nikamwambia mama watoto kampuni imetukumbuka, akanipa orodha. Nami nikaongeza ya kwangu: buti namba arobaini na tatu, glavu, na kiberiti.

Mchambuzi akaja. Nilitegemea mwanamume mwenye tai na kitambi. Akaja binti mwembamba, penseli sikioni, daftari mkononi. Nikamsomea orodha yangu kutoka kichwani, mafundi wakiwa wameshika mbavu kwa kicheko, maana wao walishaambiwa kwamba mahitaji hapa ni yale tunayotaka kompyuta itufanyie. Yeye hakucheka. Akaandika yote, hadi sabuni. Kisha akauliza, "Kiberiti cha nini, mjomba?" Nikamwambia cha kuwashia jiko la chai. Akauliza kwa nini tunachemsha wenyewe wakati kantini ipo. Nikamwambia kantini hufunguliwa saa mbili, sisi tunaingia saa kumi na moja, mabasi ya kwanza hayamngoji mpishi. Akapiga mstari chini ya neno kiberiti mara mbili.

Mnaona alichokifanya? Wakubwa kwenye ukumbi wa mikutano walikuwa wamemwambia kazi inaanza saa mbili, na mfumo ungefunguka saa mbili. Kiberiti kikamwambia ukweli. Siku hiyo tukampa jina: Bi Kwanini.

Akageuza tairi bovu, akalifanya kiti, akakaa nasi wiki tatu. Na maswali yake, ndugu zangu, sijapata kuona. Kwa nini ufunguo wa basi huning'inizwa kwenye msumari wa kushoto? Kwa nini huyu anapita stoo kwanza na yule anapita mwisho? Shemeji yangu, fundi wa injini, alimwambia hata polisi humruhusu mtu kunywa maji. Bi Kwanini akamuuliza, "Polisi gani, na kwa nini walikukamata?" Shemeji akaingia chini ya basi, akatoka jioni.

Sasa njooni kwenye ubao. Ule pale ukutani, mweusi, umepasuka pembeni. Kila basi lina mstari wake, na kila mstari una vyumba: breki, taa, injini. Fundi akimaliza huandika "sawa". Asipoandika "sawa", huandika "bado". Kitu chepesi kuliko hicho kipo? Mtoto wa chekechea angekielewa. Bi Kwanini akaniuliza, "Mjomba, basi namba kumi na nne limeandikwa bado kwenye breki, mbona linatoka?" Nikacheka hadi nikashika nguzo. Nikamwambia, mwanangu, breki bado maana yake bado zinakula, bado zina maisha, usiziguse. Akaandika: breki zikiwa bado, basi litoke. Nami nikamwambia, andika kwa wino, ni maneno ya bingwa hayo.

Baadaye ukaletwa waraka wa mahitaji. Kurasa arobaini. Wenye vyeo tukaambiwa tusome, tujibu maswali yaliyomo, tuweke sahihi mwishoni. Nikauchukua nyumbani siku nne. Nikaurudisha una sahihi yangu, ile yenye mkia mrefu. Bi Kwanini akaupekua, akanitazama, akauliza kama nina swali lolote. Nikamwambia mtu wa kiwango changu haulizi, huulizwa.

Ikafika siku ya majaribio. Mimi sikuwepo, nilikwenda kumwoza mpwa wangu, na breki nikamwachia fundi wa umeme, huyu mnayemwona pale, ambaye kwa kuwa kazi yake ni taa tunamwita Giza. Niliyoyakosa nimesimuliwa na watu kumi, na wote kumi wanakubaliana, jambo ambalo katika karakana hii halijawahi kutokea.

Asubuhi ile Giza aliandika "bado" kwenye breki za namba kumi na nne. Karani akaitazama, akaiingiza kwenye kompyuta kama waraka ulivyoagiza. Kompyuta ikawasha rangi ya kijani: basi litoke. Dereva akachukua ufunguo kwenye msumari. Abiria wameshakaa, mama mmoja ana mapacha mapajani, kondakta amegonga bodi mara mbili.

Bi Kwanini alikuwa mbele ya ubao. Alikuwa ameitazama "bado" ya breki kwa wiki tatu, na ilikuwa imelala upande kama mlevi, kwa sababu hivyo ndivyo ninavyoandika. Hii ilikuwa imesimama wima, ndogo ndogo kama siafu. Akamuuliza Giza, "Bado hii ni ya nani?"

"Ya kwangu."

"Na yako maana yake nini?"

Giza akamshangaa. "Maana yake sijagusa. Mimi ni mtu wa taa, mwanangu."

Wanasema Bi Kwanini alikimbia akaacha kiatu kimoja. Alisimama mbele ya basi getini, daftari ameliinua juu kama trafiki, abiria wanamtukana matusi ambayo mbele ya Mgeni Rasmi sitayataja, ingawa nayajua yote. Hakusogea. Breki zikafunguliwa palepale. Ndugu zangu, pedi zilikuwa zimekwisha, chuma kinalamba chuma. Na kutoka getini petu hadi barabara kuu, mnajua wenyewe, ni mteremko mtupu.

Niliporudi nilikuta kikao. Mheshimiwa Mkurugenzi, niruhusu niseme ulivyokuwa: ulikuwa mwekundu, na wewe si mtu wa kubadilika rangi kirahisi. Kadi za uzinduzi zilishachapwa. Ukauliza nani alikubali kanuni hii ya breki. Waraka ukafunguliwa ukurasa wa mwisho, na pale palikuwa na sahihi yenye mkia mrefu.

Bi Kwanini alikuwa na njia ya kujiokoa, na njia yenyewe ilikuwa mbele yake mezani. Ukurasa wa thelathini na moja alikuwa ameandika swali: je, neno bado lina maana ileile likiandikwa na fundi mwingine? Chini yake mstari mtupu wa kuandikia jibu. Mstari ule nilikuwa nimeurudisha mtupu kama nilivyoupokea. Angeufunua tu ukurasa ule, angeugusa kwa kidole, mambo yangekwisha. Badala yake akaufunga waraka, akaweka mikono juu yake, akasema, "Kosa ni langu. Niliuliza kwa karatasi, nilipaswa kuuliza kwa mdomo." Wewe, Mheshimiwa Mkurugenzi, ukamwambia mkataba wake unaishia hapo, akusanye vitu vyake.

Niwaulize, ninyi watu wazima mlioko hapa: kwa nini alifanya vile? Kwa sababu alishajua. Katika wiki tatu za kukaa juu ya tairi aliona kwamba mimi sisomi ubao, natazama miandiko. Aliona kwamba barua ikija namwita Giza aje "anithibitishie". Alijua, na hakumwambia mtu.

Nami nikakaa. Nisijifanye shujaa: nilikaa kimya kwa muda ambao fundi mzuri anaweza kubadilisha gurudumu. Miaka thelathini na moja ya sifa ilikuwa imenikalia kifuani. Wanafunzi wangu wote walikuwa ukumbini mle. Nikamwona anaokota penseli yake. Nikasimama.

Nikasema, "Mheshimiwa, mimi niliishia darasa la nne. Sahihi yangu naijua, na majina ya vipuri nayajua. Kurasa arobaini siziwezi. Swali lake lipo ndani, na mimi sikulisoma."

Kisha Giza akasema hata yeye aliyasoma maneno ya taa tu. Shemeji naye akasema yeye aliishia la tatu, na la tatu lenyewe alilirudia. Ukumbi ukapasuka kwa kicheko. Na wewe, Mheshimiwa Mkurugenzi, ambaye sahihi yako ilikuwa juu ya yangu, sitasema kama wewe uliusoma au hukuusoma. Nasema tu kwamba ulikohoa, tena kwa muda mrefu. Ulipomaliza kukohoa ukamwambia binti, "Kaa. Anza upya. Safari hii wasomee."

Huo ndio ukubwa, ndugu zangu. Wakubwa wa kukasirika tumewaona wengi. Wa kukohoa ni wachache.

Wiki mbili, kila mchana, Bi Kwanini alisimama kati ya mabasi akitusomea waraka ule kwa sauti, mstari kwa mstari, nasi tukimkatiza kama watu wanaosikiliza mpira redioni. Ndipo ilipojulikana kwamba katika ubao mmoja tulikuwa na bado tatu. Bado yangu, iliyolala upande: bado nzima, itoke. Bado ya Giza, ya siafu: sijagusa, isitoke. Na bado ya shemeji, kubwa ya kujaza vyumba viwili: nimeshaanza, naendelea, usinisemeshe. Miaka yote tulielewana kwa miandiko bila mtu kutufundisha, na bila sisi wenyewe kujua kwamba tunafanya hivyo. Mimi ningemwambiaje kitu ambacho sijui kama nakijua? Na kompyuta, maskini, haina jicho la mwandiko. Kwake herufi zote zimeshonwa na fundi mmoja.

Ndiyo maana kwenye skrini hii ambayo Mgeni Rasmi ataiwasha punde, hamtaona neno bado peke yake. Mtaona vitufe vitatu, kila kimoja na picha yake, na pembeni jina la aliyebonyeza. Na mfumo hautafunguka saa mbili. Utafunguka saa kumi na moja kamili, kwa heshima ya kiberiti.

Siku hizi hapa karakana ukisema bado, unaulizwa "bado ipi?" Ugonjwa umefika hadi kwangu. Juzi nilimuuliza mama watoto kama chakula tayari. Akasema bado. Nikamuuliza bado ipi. Akasema, "Bado ya Giza, sijagusa, na ukiendelea kuuliza utakula skrini." Na buti zangu namba arobaini na tatu, Mheshimiwa Mkurugenzi, ambazo zimeandikwa kwenye daftari la Bi Kwanini tangu siku ya kwanza: naomba kujua na zenyewe ni bado ipi.

Bi Kwanini, mwanangu, kazi yako hapa imekwisha, na nasikia Jumatatu unaanza kuwauliza maswali watu wa hospitali. Pole zao. Sina zawadi ya kukutosha. Lile tairi ulilokalia tumelisafisha, tumelipaka rangi, liko mlangoni linakusubiri. Ukifika huko usikae kwenye viti vya ukumbini, kaa juu ya hilo, uwasomee kwa mdomo. Na ukimwona mzee mmoja mwenye sifa nyingi amesaini haraka bila swali, mfuate taratibu. Huyo ndiye mwenye jibu, na huyo ndiye mwenye aibu.

Nimalize. Jana Mkurugenzi aliniita akaniuliza, kwa upole tu, kama si wakati sasa wa mimi na ubao wangu kupumzika pamoja. Nikamwambia, bado. Na kwa kuwa siku hizi amesoma, akauliza, "Bado ipi, Fundi?" Sikumjibu kwa mdomo. Nilichukua chaki, nikaenda kwenye ubao, kwenye mstari wa mwisho ambao hauna basi, nikaiandika pale. Haijafutwa. Mkitoka pitieni muitazame, na wasiojua kusoma waisome kwanza: imelala upande.

Nawashukuru kwa masikio yenu, na kwa kutonikatiza zaidi ya mlivyonikatiza.