Mpaka Azidiwe

WIFI: Haloo? Nani mwenzangu?

MKE: Wifi, ni mimi.

WIFI: Mimi nani? Namba siijui.

MKE: Mke wa mdogo wako. Hii simu ya fundi viatu wa hapa chini, yangu imezima. Hujambo?

WIFI: Sijambo. Sema haraka, nimejificha stoo ya mafagio, msimamizi anazunguka wodi zote. Mdogo wangu anaendeleaje?

MKE: Vilevile. Hapana, amevimba zaidi. Nikimbonyeza mguu, kidole kinaacha shimo. Leo hata kandambili hazimwingii.

WIFI: Analala chali?

MKE: Hawezi. Tangu jana ameketi tu, ameegemea mito. Akilala anakosa pumzi. Wifi, namleta huko hospitali kwenu.

WIFI: Ngoja kwanza—

MKE: Ningoje nini?

WIFI: Midomo yake ikoje? Imebadilika rangi?

MKE: Mikavu tu.

WIFI: Anatapika?

MKE: Jana. Leo hajala kitu cha kutapika.

WIFI: Akikutazama anakujua?

MKE: Ananijua. Asubuhi kanitania, eti uji wangu ungefaa kubandikia vigae.

WIFI: Basi bado.

MKE: Bado nini?

WIFI: Watamrudisha. Asiye na karatasi za kuishi nchi hii, figo zake zikifa, mashine ya kusafisha damu anaipata kwa dharura tu. Na dharura kwao ni mtu aliyezidiwa. Anayetania si dharura.

MKE: Kwa hiyo nikae hapa nimtazame mpaka azidiwe.

WIFI: Sikusema hivyo.

MKE: Umesemaje?

[mikwaruzo ya mtandao]

WIFI: —unanisikia? Nasema Jumatatu, alipoletwa hapa, tuliharibu wenyewe. Nani alimwambia anyoe ndevu? Shati la pasi, nywele zimechanwa, kama anaenda kuposa—

MKE: Anakwenda kwa daktari. Ulitaka aende kama mwizi?

WIFI: Na daktari anamuuliza, habari yako, mzee? Yeye anajibu nzuri, namshukuru Mungu, sijui wewe, za nyumbani?

MKE: Ndivyo alivyolelewa. Na kalelewa nyumba hiyohiyo yenu. Angemjibuje mtu anayemsalimia?

WIFI: Najua.

MKE: Yule akaandika, mgonjwa anajisikia vizuri. Nimeyasoma kwa macho yangu.

WIFI: Najua, wifi. Nilikuwa napiga deki palepale.

MKE: Eeh. Ulipita na ndoo yako mbele yetu kama hutujui.

WIFI: Ningesema ni mdogo wangu, wangeniuliza na mimi karatasi zangu ziko wapi. Hii beji ninayovaa jina lake si langu... Subiri. Usiongee.

[mlango unafunguliwa mbali, nyayo zinapita]

WIFI: Amepita. Sasa nisikilize. Daktari wa zamu leo ni yule mama mfupi. Yeye anamtazama mgonjwa kwanza, karatasi baadaye. Anatoka saa nane. Akitoka huyu anaingia yule wa Jumatatu.

MKE: Sasa hivi saa ngapi?

WIFI: Saa saba kasoro. Lakini ukimleta akarudishwa, kesho hana nguvu ya kuja tena. Unanielewa? Ngazi zile atashuka mara moja tu.

MKE: Basi ongea naye mwenyewe. Mfundishe la kusema. Wewe ndiye dada mkubwa, mimi ananicheka tu.

WIFI: Mpe.

MKE: Baba watoto. Dada yako huyu. Nakuwekea sikioni.

WIFI: Mdogo wangu, ni mimi. Leo ukiulizwa habari, sema mbaya. Sema unakufa. Adabu tumeiacha nyumbani, umenisikia? [pumzi nzito] Nijibu basi. [mnong'ono] Hapana, si mama. Mimi dada yako. [mnong'ono] Mama hayupo, mdogo wangu... Ndiyo. Ndiyo, mlango nimeufunga. Kuku wote wameingia. Tulia. Mpe... mpe huyo aliye karibu yako simu.

MKE: Mmeelewana?

WIFI: Ameniita mama.

MKE: Mama gani?

WIFI: Mama yetu. Anauliza kama kuku wameingia. Ameanza lini kuongea hivi?

MKE: Hajaanza. Asubuhi si nimekwambia—

WIFI: Muulize leo siku gani.

MKE: Baba watoto, leo siku gani? [kimya] Hasemi. Wifi, ananitazama kama mgeni.

WIFI: Basi sasa. Sasa watampokea.

MKE: Umelisema kama habari njema.

WIFI: Nisamehe.

MKE: Hata mimi. Moyoni nimesema afadhali. Mume wangu amenisahau, na mimi nimesema afadhali.

WIFI: Tutalia baadaye. Nani yuko hapo?

MKE: Fundi viatu. Kasimama mlangoni anasubiri simu yake.

WIFI: Msimbebe mgongoni, pumzi itakata. Mketisheni kwenye kiti, mfungeni shuka kifuani, mshuke na kiti chote. Fundi atangulie chini, wewe juu.

MKE: Ghorofa tatu, wifi.

WIFI: Najua ni tatu. Kwenye teksi aketi wima, na usimwache asinzie. Msiingie mlango wa pembeni, watawazungusha. Njooni mlango mkubwa.

MKE: Nani atatupokea pale?

WIFI: Mimi.

MKE: Wewe na beji hiyo?

WIFI: Nimeshaivua.

MKE: Wifi, watoto wako wanakula kwa hiyo beji.

WIFI: Na mjomba wao ni mmoja. Twende.

MKE: Fundi, njoo huku. Shika miguu ya mbele ya kiti... taratibu, mkono wake huo. Wifi, upo?

WIFI: Nipo.

MKE: Tumetoka. Simu nimeibana na bega. Ngazi ya kwanza... ya pili...

WIFI: Anapumua?

MKE: Anapumua. Amekuwa mzito, sijui maji haya yote ya— Fundi, subiri, subiri kidogo. Wifi, simu inapiga mlio, salio linakwisha.

WIFI: Achana na simu. Iache ianguke, fundi atatusamehe.

MKE: Usikate, nitabaki peke—

WIFI: Nakwenda kusimama mlangoni sasa hivi. Wewe shika kiti. Mikono miwili, wifi. Shika ki—