Norbert Hoelscher: Mrushaji, Mpeleka Barua, Shemeji wa Delmar

Tumekuja kumzika Norbert Aloys Hoelscher. Wasifu huu unasomwa na binti yake, Annette, kwa niaba ya familia.

Norbert alizaliwa Alhamisi, tarehe 11 Machi 1948, shambani kwa wazazi wake, Aloys na Clementine, nje kidogo ya Westphalia, Missouri. Alikuwa wa nne kati ya watoto saba. Siku ya ubatizo wake barabara ilikuwa tope tupu, akapelekwa kanisani kwa trekta.

Alisoma shule ya parokia, kisha akamaliza sekondari Mei 1966. Masista walimsifu kwa mwandiko, lakini majirani walimjua kwa mkono wake wa kulia. Mwaka 1967 alisajiliwa kuwa mrushaji, yaani anayewarushia wapigaji mpira, wa timu ya besiboli ya daraja la chini kule Iowa. Alicheza misimu miwili. Tarehe 19 Julai 1968, akiwa katikati ya mchezo, alisikia kitu kikikatika ndani ya kiwiko. Aliambiwa apumzike. Alipumzika hadi theluji ikayeyuka, na nguvu za mkono hazikurudi. Wakati huo madaktari walikuwa bado hawajui kuunga kano ya kiwiko. Habari hiyo aliizungumza mara chache sana.

Oktoba 1971 aliajiriwa na Posta, Jefferson City, akapeleka barua kwa miguu miaka thelathini na minne. Katika njia yake aliishi mjane asiyeona, Bi. Ottilie Kremer. Kila mchana Norbert alisimama barazani kwake na kumsomea matokeo ya besiboli gazetini. Msimamizi alipomuuliza mbona nyumba ile inamchelewesha, alijibu, "Yule mama barua zake ni ndefu." Alistaafu tarehe 30 Septemba 2005.

Tarehe 9 Juni 1973 alifunga ndoa na Lorene Backes wa Sedalia. Lorene alikuja na kaka yake, Delmar, dereva wa lori la gesi na shabiki wa Kansas City, timu ya Ligi ya Marekani. Norbert alikuwa wa St. Louis, timu ya Ligi ya Taifa, ambako mrushaji alitakiwa naye apige. Kila msimu ulipokwisha, wawili hao walikutana Jumanne na Ijumaa mkahawani kwa Hilda, wakaagiza biskuti laini kama mikate na mchuzi wa soseji, wakabishana hadi mwezi wa pili: timu gani imnunue mrushaji gani, na kwa nini.

"Shemeji, huyo wenu akija kwetu ataliwa mzimamzima," Delmar alikuwa akisema. "Huko kwenu katika kila wapigaji tisa, mmoja ni mrushaji mwenzake, hajui hata kushika gongo. Anapata mapumziko ya bure! Sisi mrushaji hapigi, anapigiwa na mtu wa kazi."

"Mtu wa kazi gani? Mzee wa kilo mia na ishirini asiyeweza kukimbia? Mwanamume akirusha, na apige pia. Mimi kule Iowa nilipiga mipira miwili siku moja."

"Enzi za Nuhu hizo!"

Mwaka 2022 Ligi ya Taifa nayo iliacha kuwapigisha warushaji. Siku sheria ilipotangazwa Delmar alikuja mkahawani na suti nyeusi na tai, akampa Norbert mkono wa pole. Norbert alicheka mpaka akafuta macho. Hilda hakuwatoza kahawa.

Alhamisi, tarehe 10 Novemba 2022, Norbert aliambiwa na daktari kwamba ana saratani ya kongosho, na kwamba imeshasambaa. Alimwambia Lorene peke yake, akamkataza kumwambia mtu.

Jumanne iliyofuata alikwenda kwa Hilda kama kawaida. Mjadala ulikuwa juu ya mrushaji mmoja wa mkono wa kushoto, mwenye miaka thelathini na mitano, aliyekuwa akitafuta timu. Delmar alitaka St. Louis imchukue.

"Kiwiko chake kimepasuliwa mara mbili," Norbert alisema. "Muacheni apumzike."

"Siku hizi kiwiko kinatengenezwa, shemeji. Wenzako wanapasuliwa, wanavumilia, wanarudi. Wewe ulikata tamaa mapema, ndiyo maana unamwona kila mtu kaisha."

Norbert aliweka kikombe chini, akavaa koti, akatoka. Delmar alidhani ni hasira za siku mbili. Ijumaa alingoja. Jumanne akangoja tena. Akaapa kwamba hatakuwa wa kwanza kupiga simu, akakaa hivyo wiki nane, Krismasi ikapita.

Jumapili, tarehe 15 Januari 2023, padri aliwaombea wagonjwa na kulitaja jina la Norbert. Delmar alitoka misa haijaisha. Alimkuta shemeji yake kwenye kitanda kilichowekwa sebuleni, amebaki mifupa. Alisimama mlangoni na kofia mkononi. Lorene alimvutia kiti.

"Shemeji, lile neno la siku ile..."

"Wamemsajili?" Norbert aliuliza.

"Nani?"

"Yule wa mkono wa kushoto."

"Bado. Wanazungumza."

"Wampe mwaka mmoja. Wasimpe mitatu."

"Mmoja unatosha," Delmar alisema.

Delmar alikuja kila siku tangu hapo, akawa anamsomea habari za usajili, hata Norbert alipoacha kujibu. Norbert alifariki nyumbani Jumatatu, tarehe 30 Januari, saa nne na dakika kumi asubuhi. Lorene alikuwa amemshika mkono. Delmar alimaliza kusoma aya aliyokuwa ameianza, kisha akakunja gazeti.

Marehemu ameacha mke, Lorene, watoto wawili, Annette na Kurt, wajukuu watatu, dada yake, Rosina, na shemeji yake, Delmar Backes. Familia ilimwomba Delmar aandike maneno machache ya kuweka hapa. Alikaa na karatasi siku mbili, akairudisha haina kitu, akasema anaomba radhi, bado hasikii chochote moyoni.

Norbert, lala salama. Mungu akupe pumziko la amani.