Ubuyu wa Kuleta Mate

Katika basi la kutoka Kibakwe, mama aliyekaa mbele yangu alimkaribisha ubuyu jirani yake aliyejitanda ushungi. “Chukua, dada. Tangu hedhi ikome mdomo wangu umekauka, huu ndio unaoniletea mate.”

“Na ndio unaokuozesha meno! Sukari kutwa nzima? Kunywa maji, uende kwa daktari wa meno.”

“Aning'oe nibaki kibogoyo?”

“Kwa ubuyu huo utabaki kibogoyo bila kung'olewa.”

Wakacheka. Marehemu mama yangu alimung'unya ubuyu hivyohivyo, akijifunika mdomo kwa kanga kila alipocheka, na hakuwahi kutuambia kwa nini. Niliwashukuru kimoyomoyo kwa kunieleza bila kujua.

Basi liliposimama Dodoma walikuwa bado wanabishana. Mwenye ushungi alishuka na mfuko wa ubuyu. Mwenzake akamfuata akiudai, huku akinywa maji ya chupa ya huyo mwenye ushungi.