Maziwa Niliyomwagia Mgomba

Akina mama, nawasalimu kwa jina la Yule aliyenifikisha leo. Mkiitikia, itikieni kwa nguvu, maana sikio langu la kushoto lilistaafu kabla yangu. Asanteni.

Nimeombwa nisimame kwa sababu watatu kati yenu mnarudi kazini mwezi huu na watoto bado wananyonya. Juzi tukimenya viazi niliwasikia mkinong'onezana habari za maziwa. Nilikuwa na neno nikalimeza, kwa sababu neno lenyewe linanitia aibu, na aibu iliyokaa miaka arobaini ni nzito kuinua. Leo nitaiinua. Majina sitayataja. Wengi wao wameshalala, na mmoja yuko humu ndani.

Ilikuwa mwisho wa miaka ya hamsini. Nilitoka kwetu Maragoli, bibi harusi, nikamfuata mume wangu aliyekuwa seremala. Tukapanga chumba huku Dagoretti kwa mjane mmoja Mkikuyu, mwenye ng'ombe mmoja na ulimi mkali. Nikapata kazi mjini kwenye kinu cha kahawa, kazi ya kuchambua. Mnakaa kwenye mabenchi, kahawa inamwagwa mezani, unatoa punje nyeusi na zilizovunjika, kutwa nzima.

Ndugu zangu, nawaambia, Nairobi ile ilikuwa ya miguu. Tulitoka alfajiri na umande wanawake saba au wanane, viatu mkononi, tukafuata Ngong Road hadi mjini. Tulipita uwanja wa maonyesho, hapo mnapopaita Jamhuri siku hizi, huku tukiimba, Waluhya, Wajaluo na Wakamba, kila mmoja na sauti yake. Tukikaribia mjini tunaosha miguu mferejini, tunavaa viatu, tunakuwa watu wa mjini. Nilikuwa na viatu vyeupe vya kamba. Hata leo nikinusa kahawa mbichi, miguu yangu inataka kuamka iende. Nazikumbuka asubuhi hizo kwa mapenzi makubwa, na sioni haya kusema hivyo.

Basi nikajifungua binti. Mama mkwe akaja kutoka nyumbani kunipikia. Akamfunga mtoto uzi mweupe kiunoni, kama walivyofanya wazee wetu, ili ukibana ujue mtoto ananenepa. Mtoto alikuwa na mapaja, akina mama. Alikuwa na mapaja ya kugawia majirani.

Lakini nyapara alikuwa amesema kiti changu kitaningoja miezi miwili tu. Kazi ya mume wangu ilikuwa leo ipo, kesho haipo, na bila kiti kile tungerudi Maragoli kula nyumbani kwa mama mkwe, watu wazima. Watoto hawakuruhusiwa kinuni kwa sababu ya vumbi. Kwa hiyo nikanunua maziwa ya unga ya mkebe na chupa yenye chuchu ya mpira, na mwenye nyumba wangu akakubali kushinda na mtoto.

Mama mkwe kabla hajapanda gari la moshi alinikalisha chini, akanipa maneno mawili.

La kwanza, maziwa yakishinda kifuani mama akiwa mbali na mtoto, yanachacha. "Ukifika nyumbani, yakamue uyamwage." La pili, maziwa ya mkebe na ya mama hayakai tumbo moja, yataganda na kumuua mtoto.

Sasa mimi ni nani nimbishie? Yeye alikuwa amezaa mara saba. Mimi nilikuwa nimezaa juzi.

Nikatii. Nakuja jioni, blauzi imelowa, kifua kigumu kama ubao wa mume wangu, namsikia mtoto analia ndani, na mimi nampita. Naenda nyuma ya choo penye mgomba wa mwenye nyumba, nainama, nakamua. Namwaga yote chini. Kisha naingia ndani nampa chupa, kwa kuwa ameshinda na ya mkebe na sitaki kuchanganya. Kunyonya ilikuwa mara moja tu, alfajiri, tumbo likiwa tupu.

Mnajua mwisho wake. Kifua hakina ubishi, usipokitumia kinafunga duka. Wiki ya nne hata mgomba ulikuwa unapata kidogo. Mkebe nao ukawa unaisha kabla ya mshahara, basi nikaanza kupunguza. Penye vijiko vitatu naweka viwili. Baadaye nikaweka kimoja. Maji yalikuwa meupe, na mimi nilikuwa nayaita maziwa. Mtoto akaanza kuhara, akawa mkimya, na mtoto mkimya mimi nilimwita mtoto mzuri.

Jumamosi moja nilitoka kazini saa sita. Nikamvua nguo nimwogeshe, na ule uzi wa kiunoni ukateremka peke yake. Ukapita makalio na mapaja, ukaniangukia miguuni. Sikuwa nimeukata. Niliuokota, nikasimama nao pale nisijue niufanyie nini.

Nikaelekea nyuma kukamua, maana ndivyo nilivyojua. Mwenye nyumba alikuwa amesimama njiani, ndoo ya maziwa mkononi.

"Leo hupiti," akasema. "Kila siku naona wewe unamwagia mgomba yangu maziwa. Wewe umezaa mgomba?"

Nikamwambia yamechacha, ndivyo mama mkwe alivyosema.

"Hii ng'ombe yangu, nikitoka sokoni nimechelewa kukamua, mimi namwaga maziwa yake?"

"Ng'ombe si mtu, mama."

"Ndiyo, si mtu. Lakini maziwa inajua hiyo?" Akaweka ndoo chini. "Mwana wangu, huyo mtoto anakufa. Mimi nashinda na yeye, mimi najua. Ingia ndani umpe hiyo titi. Ikimuua, wewe sema ni mimi nimemuua."

Akina mama, mwanamke yule alikuwa Mkikuyu siku za hali ya hatari. Alitembea na kipande shingoni, kile kitambulisho cha mkoloni, na kila askari alimsimamisha. Hakukosa shida zake. Lakini alijitwika kifo cha mtoto wa mpangaji ili mimi nipate ujasiri. Sijaona tena mtu akifanya hivyo.

Nikaingia, nikampa. Tumbo lake lilikuwa na ya mkebe ya mchana, na kifuani yamo yaliyoshinda. Makosa yote mawili kwa pamoja. Alinyonya kidogo akasinzia, na mimi nikaamini nimemaliza kazi. Nilimpakata nikingoja yagande. Mume wangu alikaa mlangoni na nyundo mkononi, sijui alitaka kumpigia nani. Mwenye nyumba aliniletea uji wa wimbi kibuyu kizima, akasimama hapo mpaka nikamaliza.

Jumapili nikamfunga mgongoni twende kanisani, bado nikingoja. Katikati ya mahubiri nikasikia moto mgongoni. Alikuwa amenikojolea. Siku mbili nguo zake zilikuwa kavu, na sasa gauni langu la kanisani lilikuwa chapachapa. Nililia kwa furaha. Mhubiri akadhani ni yeye.

Jumatatu sikwenda kazini, nikampeleka zahanati. Muuguzi wa pale, Mwafrika mwenzetu, hakunigombeza. Alisema maziwa ya mama hayachachi kifuani, na haya mawili hayagombani tumboni, tunaogombana ni sisi. Chupa akaniambia nitupe, nitumie kikombe na kijiko, maji yachemke, unga usipunguzwe hata punje. "Ya mkebe ni ya saa ambazo hupo. Ukiwepo, ni wewe." Akaniambia pia mchana nikiwa kazini nikamue, kifua kisisahau.

Jumanne nikarudi kinuni moyo uko mkononi, nikijua kiti kimekwenda. Nikakikuta. Wenzangu wa benchi walikuwa wamechambua fungu langu pamoja na lao, na nyapara alipouliza, walimwambia nimekwenda chooni. Kutwa nzima, chooni. Tangu siku hiyo, kila adhuhuri wawili walinishikia gunia kama pazia nikakamua. Kifua kikarudi polepole. Ilichukua wiki kama tatu, na nilikunywa uji hadi nikauchukia.

Mama mkwe akaja tena mtoto akiwa na miezi sita. Hiyo ndiyo siku niliyoiogopa. Alimchukua, akapandisha gauni, akatazama uzi. Nilikuwa nimeufunga upya, na ulikuwa umezama kwenye nyama. Akauliza, "Ulikuwa unamwaga?"

Nikasema, "Niliacha, mama. Na nimechanganya." Nikainamisha kichwa.

Aliufungua ule uzi kwa meno. Kisha akasema, bila kunitazama, "Mimi nilimwaga. Nilikuwa nalima mashamba ya wazungu, narudi jioni, namwaga. Niliambiwa na mama yangu." Alizaa saba, na walioishi ni wanne. Akaufunga uzi upya, akauachia nafasi. Mimi na yeye hatukulizungumza tena jambo hilo hadi alipofariki, ila tangu siku hiyo aliniita binti yangu.

Basi, asante zangu. Kwa mwenye nyumba wangu na ng'ombe wake. Kwa muuguzi asiyegombeza. Kwa wanawake wa gunia, popote mlipo. Na kwa mama mkwe, kwa sababu alinipa alichopewa, na alipoona kizuri zaidi hakuona haya kuniambia.

Yule niliyesema yuko humu ndani ndiye aliyewamiminia chai sasa hivi. Mtazameni mapaja. Ananikasirikia, lakini mtazameni.

Nanyi watatu, mkebe si dhambi, na kazi si dhambi. Mkirudi jioni kifua kimejaa na mtoto analia, msizunguke nyuma ya nyumba. Ingieni moja kwa moja. Mgomba utajitafutia wenyewe.