Mkate wa Katharina Leiter

Wazee wa kanisa, ndugu, majirani na wageni mliotoka mbali, familia ya Leiter inawashukuru kwa kufika katika Kanisa la Ndugu la Mierezi leo Jumamosi, tarehe 14 Oktoba 1911, kumsindikiza mpendwa wetu Katharina Barbara Leiter. Historia yake inasomwa na mdogo wake, shemasi Daniel Leiter, ambaye atajitaja kwa jina kama atakavyowataja wengine, kwa kuwa katika habari hizi hana haki ya kupendelewa.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Machi 1841 katika shamba la wazazi wake, karibu na mto Antietam, jimbo la Maryland, akiwa mtoto wa kwanza kati ya watoto wawili wa shemasi Jakob Leiter na mama Anna, ambao wote wametangulia mbele ya haki. Alisoma shule ya wilaya kwa majira manne ya baridi, akajua kusoma Kijerumani na Kiingereza, na mwalimu wake alimwandikia baba kwamba mtoto huyu ana akili lakini shingo yake ni ngumu, baba akacheka, maana hakujua yanayokuja. Alibatizwa mtoni mwezi Mei 1859, akazamishwa kifudifudi mara tatu kama desturi yetu, na mwaka 1861 alichumbiwa na Elias Stouffer, seremala, harusi ikapangwa Novemba ya mwaka uliofuata.

Septemba 17, 1862, vita vya Kaskazini na Kusini vilikuja hapa. Jengo hili halina mnara, na askari walioliona kwa mbali walidhani ni shule, wakapigania kuta zake tangu alfajiri, nao waliolijenga ni watu ambao hawajawahi kushika bunduki hata ya kuwindia bata siku ya Jumapili. Washirika wengi walikimbilia kwa jamaa zao, Katharina na Daniel wakabaki kwenye stoo ya chini ya nyumba, na Alhamisi asubuhi, kelele zilipokoma, marehemu alivuka shamba la mahindi, ambalo halikuwa na mahindi tena, akaingia humu ndani.

Madaktari wa jeshi walikuwa wameshagundua kwamba migongo ya mabenchi yetu hugeuzwa ikawa meza za Karamu ya Upendo, na juu ya meza hizo walikuwa wakikata miguu ya watu, na beseni tunalooshania miguu usiku wa Karamu hiyo lilikuwa limejaa vitu ambavyo familia haitavitaja mbele ya watoto. Chakula hakikuwepo, kwani majeshi yote mawili yalikuwa yamemaliza kuku, matofaa na hata mbegu ghalani, isipokuwa kitu kimoja, mkate wa Meza ya Bwana, usiotiwa chachu, ambao mama yetu aliuoka Jumanne kwa ajili ya Karamu ya Jumamosi, akaufunga kwa kitambaa cheupe na kuuficha sandukuni. Marehemu alirudi nyumbani akafungua sanduku.

"Kate, huo ni wa Mezani! Umerukwa na akili?" Daniel alimwambia.

"Meza yenyewe imelaliwa na watu. Hebu nipishe."

Aliumega wote, vipande vidogo vidogo, akawalisha bila kuangalia rangi ya koti. Mtu mmoja wa Georgia, mwenye ndevu, aliuliza hili ni kanisa la kina nani, Katharina akamwambia ni la watu wasiopigana, na mtu yule alicheka mpaka bandeji ikalowa, akafa kabla ya jioni, kipande cha mkate kikiwa bado shavuni.

Kikao cha kanisa kiliketi tarehe 11 Oktoba 1862. Wazee waliuliza nani alichukua mkate, na Daniel, aliyekuwa na miaka kumi na tisa na aliyefundishwa kwamba ndiyo yake iwe ndiyo, alijibu, "Ni Katharina." Ikaamuliwa kwamba amewapa watu wa upanga, wasiobatizwa kwetu, kilicho cha Bwana, na kwamba asimame aseme "nimekosea", kisha akina dada wampe busu la amani na mambo yaishe. Marehemu alisimama, akalitazama kanisa zima, akasema, "Ulikuwa mkate, wakaula wenye njaa. Kosa silioni," akaketi. Ndipo alipotengwa na Meza, na busu, na kula pamoja na mshirika yeyote, na mikono iliyoinuliwa kukubali ilikuwa mikono yote, ukiwemo wa Elias Stouffer, ukiwemo wa Daniel.

Kuhusu ndoa, Elias alikuja nyumbani kila Jumapili hadi mwaka 1864.

"Neno moja tu, Kate, tufunge ndoa. Neno moja!"

"Anayelitaka ni wewe, lakini. Liseme basi wewe."

Mwezi Aprili mwaka huo alioa kwingine, na baadaye akawa mzee kiongozi wa kanisa hili, ndiye aliyeketi hapo kulia kwa jeneza. Yeye ndiye aliyezipiga randa meza zetu baada ya vita hadi madoa yakatoka, hivyo mbao zilirudishwa kwenye Karamu ndani ya mwaka mmoja.

Marehemu hakujaliwa mtoto wa kumzaa. Mwaka 1879 mke wa Daniel alifariki, akaacha watoto wanne, na Katharina alihamia kwake akawalea wote hadi wakaoa na kuolewa, akiwapikia na kuwashonea, na kwa miaka hiyo yote, chakula alichokipika mwenyewe kikiliwa kwenye meza kubwa, yeye alikula peke yake kwenye meza ndogo kando ya jiko, kwa sababu kaka zenu na baba zenu wangeuliza. Siku moja kitinda mimba, Sarah, aliuliza shangazi amefanya nini, na Daniel akamjibu, "We kula chakula chako."

Kikazi, marehemu alikuwa mkunga kuanzia mwaka 1866 hadi 1908, na wengi mliokaa humu mikono yake ndiyo iliyowapokea duniani, mikono ambayo akina mama zenu waliishika kwa nguvu usiku wa uchungu, na Jumapili iliyofuata wakampita mlangoni bila busu. Alifagia kanisa hili pia, tangu vita hadi miguu ilipomkatalia.

Na alikuwa akifagia wageni walipoanza kuja, maaskari wazee na wake zao, wakitaka kuona matundu ya risasi na kubandua matofali ya kumbukumbu. Kanisa la watu wa amani likapata jina kwa sababu ya watu kuuana, na wazee wetu, tuseme kweli, walilipenda jina hilo. Mzee Elias alikuwa akisimama hapa mbele na kusema, "Hapa, mabwana, kanisa letu liliwalisha maadui kwa mkate wa Bwana wenyewe!" Wageni walivua kofia, wengine walilia. Mwaka 1904 mama mmoja aliuliza aliyefanya hivyo alikuwa nani, mzee akajibu, "Dada zetu, mama. Sisi huwa hatutaji majina." Katharina alikuwa hatua tano nyuma yake, na ufagio mkononi, akaendelea kufagia.

Marehemu alianza kuugua moyo mwezi Januari mwaka huu, miguu ikavimba, na Dakta Beckley akaagiza ikandwe kwa maji ya uvuguvugu, kazi ambayo Daniel aliifanya kila asubuhi. "Angalia, shemasi," alikuwa akimtania, "watakutenga na wewe, tule wote jikoni." Jumatatu, tarehe 9, mzee Elias alikuja na mashemasi wawili katika ziara ya kila mwaka, akamuuliza kama yuko katika imani na ana amani na ndugu, kisha akainama.

"Hata usiseme, Kate. Tikisa kichwa tu, Karamu hii ule."

"Elias, mlikosea au hamkukosea?"

"Hilo ni la kikao. Kikao ni Jumamosi."

"Basi nitasubiri Jumamosi."

Mauti yalimfika Alhamisi, tarehe 12, saa kumi jioni. Jumamosi ni leo.

Familia inamshukuru Dakta Beckley, majirani walioleta kuni na supu, na wakunga wenzake waliomwosha na kumvika. Kanisa, familia bado inatafuta la kulishukuru.

Kikao kimetimia, wote mpo. Daniel Leiter, aliyemtaja dada yake, aliyeinua mkono, aliyempita na sinia la mkate miaka ishirini na sita ya ushemasi, anasema mbele ya jeneza hili: nimekosea. Ni neno moja, na limechelewa miaka arobaini na tisa. Kabla hatujamwinua, familia itakaa kimya kidogo, kwa yeyote mwenye neno kama hilo.

Dada Kate, pumzika katika amani ambayo kanisa la amani lilikunyima.