Bahasha ya Mwisho ya Mama Bahasha

Wasikilizaji wapendwa, kila Jumamosi saa nne asubuhi simu ya kwanza studioni ilikuwa yake. Nikimuuliza, "Salamu zimfikie nani, mama?" alikuwa akicheka kidogo. "Sina wa kumsalimia, mwanangu. Nimepiga tu nisikie mtu." Jumanne iliyopita alifariki. Alikuwa na miaka sabini na mmoja. Alikuwa mwalimu wa darasa la pili, na wanafunzi wake walimwita Mama Bahasha.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana marehemu alichukia kupakwa rangi ya uongo. Miaka ishirini ya mwanzo hakuwa Mama Bahasha. Alikuwa mwalimu mkali, na mkali zaidi nyumbani. Alikuwa na binti mmoja tu. Binti huyo hakuweza kutulia. Anaanza hesabu, anasikia ndege, anakwenda dirishani, anasahau hesabu. Kalamu alipoteza tatu kwa wiki.

Jioni moja, binti akiwa na miaka tisa, mama alimfunga kwenye kiti cha jikoni kwa mtandio mpaka amalize hesabu. Mdogo wa kike wa marehemu alikuwepo. Ameniambia, "Nilisema, dada, huyo si mbuzi. Akanijibu, asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Mtoto hakulia. Alimtazama tu mama yake."

Binti alipofika miaka kumi na tisa, aliondoka. Hakuaga. Barua alizoandikiwa zilirudi bila kufunguliwa.

Mwezi mmoja baadaye, muuguzi alifika shuleni kupima watoto macho. Akamwona mwalimu wetu akimgombeza mtoto aliyekuwa akisimamasimama. Akamwambia kando, "Mwalimu, huyu si mkaidi. Kutulia kunamshinda. Mwache atembee kidogo, utaona akili inarudi." Siku hiyo mwalimu alikwenda nyumbani akakikalia kile kiti cha jikoni. Maji yalikuwa yameshamwagika, wasikilizaji wapendwa, na hayazoleki.

Ndipo zilipoanza bahasha. Mtoto akianza kuhangaika, anaitwa mbele. "Mjumbe wangu, nipelekee hii kwa babu wa stoo. Ni muhimu sana." Mtoto anatoka kifua mbele. Kumbe ndani kuna kikaratasi kile kile kila siku: *Huyu hana kosa. Anahitaji kutembea kidogo. Mpe maji, kisha mrudishe. Namsubiri.*

Babu huyo, mtunza stoo wa shule, bado yupo, na ulimi wake bado anao. "Mimi nilipokea barua nyingi kuliko posta," ananiambia. "Siku za mvua nilikuwa nahudumia wajumbe kumi."

Si bahasha tu. Aliwapa kazi ya dakika kumi, si ya saa nzima. Alitoa agizo moja, akangoja litimizwe, ndipo akatoa la pili. Aliwakalisha mbele, mbali na dirisha. Mtoto akimaliza, alisifiwa pale pale. Na wazazi ambao watoto wao walihitaji zaidi ya hapo, aliwasindikiza mwenyewe hadi kliniki. Alifanya hivyo miaka kumi na sita, mpaka alipostaafu. Watoto wa watu walitulia. Wake hakurudi.

Nilimtembelea mara moja. Sebule safi, viti vinne, kimoja tu kilichochakaa. Aliniwekea chai, akanitazama nikinywa mpaka tone la mwisho. Nilipoinuka akasema, "Hata hujakaa." Nilikuwa nimekaa saa mbili. Nikaondoka, na hilo linanichoma hadi leo.

Binti alikuja mazikoni. Miaka ishirini na saba, wasikilizaji wapendwa, ndipo akaja. Ana miaka arobaini na sita sasa. Hotuba zilipoanza hakuweza kukaa. Akainuka, akakaa, akaenda hadi ukutani, akarudi. Watu wakaanza kunong'ona. Babu wa stoo akamsogelea na bahasha. "Mwanangu, nipelekee hii kwa mama yako mdogo pale mbele. Ni muhimu sana."

Akaipeleka. Mama yake mdogo akaifungua, akasoma, akamrudishia. Ulikuwa mwandiko wa marehemu, aliyemwachia babu bahasha hiyo siku ya kustaafu. *Huyu hana kosa. Alihitaji kutembea kidogo. Mpe maji.* Neno "mrudishe" lilikuwa limekatwa kwa kalamu, na juu yake ameandika: *arudi akitaka.* Kisha: *Namsubiri.*

Babu anasema binti alikaa. Alikaa palepale chini, bila kutikisika, mpaka watu wote wakaondoka.

Kwa binti, kwa mdogo wa marehemu, kwa babu wa stoo na kwa wajumbe wote mliobeba bahasha zile, poleni sana. Mzazi unayenisikiliza, kama hapo ulipo kuna mtoto asiyetulia, usimfunge na usimwite mjinga. Mpe la kubeba. Mngoje. Na umwambie kwamba unamngoja, umwambie angali karibu akusikie.

Leo saa nne kamili simu ya kwanza ililia. Nilishtuka, maana namba ilikuwa ile ile. Alikuwa binti yake, anapiga kutoka sebuleni kwa mama.

Nikamuuliza kama ninavyouliza wote, salamu zimfikie nani.

Akasema, "Sina wa kumsalimia. Nimepiga tu nisikie mtu."