Swali la Mayu Tirza Kwenye Chai ya Saa Nne

Tarehe 30 Juni mwaka huu, baada ya miaka ishirini na miwili ya utumishi katika kituo chetu cha msaada wa sheria hapa Kahama, Bi. Tirza Sharabi anastaafu. Kadi za mwaliko wa sherehe ya kumuaga zimeshasambazwa, lakini sisi wenzake bado hatuamini, kwa sababu siku ya kazi hajawahi kuonekana ameketi. Husoma majalada akitembea, hunywa chai amesimama, na akipewa kiti hukiwekea mkoba. Mimi Klara wa mapokezi ninayeandika wasifu huu ameniambukiza. Nimeinuka mara kadhaa kabla ya kumaliza aya hii.

Mayu Tirza, kama anavyoitwa na wengi kwa neno la heshima la Kisukuma kwa mama, ni mtetezi wa haki za watu wa transjenda, yaani wale ambao jinsia yao siyo ile waliyoandikiwa walipozaliwa. Yeye mwenyewe ni mmoja wao. Alizaliwa Arusha katika familia ya Kiyahudi, mjukuu wa mfanyabiashara wa ngozi aliyetoka Yemen. Ujanani alikuja kwenye bandari kavu ya Isaka kuwa karani wa shehena, kwa jina alilopewa na baba yake, ambalo hatuliandiki hapa na hakuna anayelihitaji. Mwaka mmoja alikwenda likizo akiwa karani wa kiume, akarudi amevaa gauni na kilemba. Akafukuzwa kazi kabla ya chakula cha mchana. Kesi yake ya kwanza katika kituo hiki ilikuwa hiyo hiyo ya kwake. Alishinda, akakataa kurudi Isaka, akaomba kazi kwetu.

Kwa muda mrefu tuliamini ni Msabato. Hafanyi kazi Jumamosi, hagusi nyama ya kitimoto, yaani nguruwe, simu yake huzimwa Ijumaa jua linapozama. Angekuwa nani mwingine kwa mtu wa hapa? Mzee Ngassa wa kanisa la Wasabato la jirani alimwalika kwenye makambi yao ya ibada, akaenda na sufuria ya maharage, akaimba vizuri kuliko kwaya. Siku ya kufunga makambi alisimama kushukuru, akaeleza kwamba yeye ni Myahudi. Mzee Ngassa hakukasirika. Tangu siku hiyo huja ofisini kumuuliza habari za Kitabu cha Kutoka, na hutuchelewesha kazi.

Kazi yenyewe haikuwa ya kuchekwa. Amewatoa watu mahabusu, amesimama kwenye korido za hospitali mpaka wateja wake wagonjwa wakatibiwa bila kuzomewa, amewasaidia wengine kubadili majina kwa kiapo. Tumefukuzwa nyumba mbili kwa maneno ya mtaani. Mara ya pili bango la ofisi alilibeba mwenyewe kichwani, akisalimia kila aliyekuwa anatuchungulia. Sisi tulikuwa tunaogopa, na bado tunaogopa. Akiondoka yeye sijui tutaogopa na nani.

Naomba nieleze mambo ya Buseresere, kwa sababu ndiyo yaliyotufikisha hapa. Agnetha, mwanamke wa transjenda aliyekuwa mteja wetu wa siku nyingi, alikuwa mama lishe kwenye machimbo ya karibu na pale. Mwezi Machi alifariki kwa homa siku ya Alhamisi. Tulipofika Ijumaa tulikuta msiba umegawanyika. Wajomba kutoka Mwadui wameleta suti, tai na msalaba wenye jina la kiume la utotoni. Wachimbaji, wateja wake, wamekaa mlangoni na gauni lake la bluu, wanasema Agnetha hatoki humo na suruali. Na hakuna aliyemwosha. Wanaume walisema hiyo ni kazi ya wanawake, wanawake wakasema ni ya wanaume. Niliona aibu kwa niaba yetu sote.

Mayu Tirza aliuzunguka ule uwanja kama kuku anayetaka kutaga, maana jua likizama Sabato ingeingia na asingeweza kugusa kazi. Ghafla alisimama mbele ya Generosa, mama wa marehemu, akamuuliza ni nani waliokuwa wakimwogesha Agnetha alipozidiwa. Generosa akajibu kuwa ni yeye na mama wawili majirani. Mayu Tirza akasema basi hao hao wamalizie, akakunja mikono ya gauni, akaingia nao.

Kuhusu mavazi, aliwaambia wajomba kwamba kwao Wayahudi, tajiri na maskini, mwanamke na mwanamume, wote wakifa hushonewa vazi jeupe lisilo na mfuko. Eunice, mhasibu wetu, alikimbilia dukani kununua kitambaa, akakishona kwa mkono. Mjomba mkubwa, Makoye, alilitazama lile vazi akakosa la kupinga. Halikuwa suti wala gauni. Gauni la bluu likakunjwa, likawekwa chini ya kichwa cha marehemu. Likabaki jina. Makoye akamwachia dada yake aamue, na Generosa, ambaye kutwa nzima alikuwa hajainua sauti, akasema:

“Andikeni Agnetha. Nilimpigia simu kwa jina hilo, na kwa jina hilo aliniitikia.”

Makoye aliugeuza msalaba, akaandika upande wa pili kwa rangi ya mlango. Tulizika alasiri ile ile.

Jumatatu iliyofuata, kwenye chai ya saa nne, Mayu Tirza aliuliza kwa sauti ya mtu anayetafuta sukari: yeye ataoshwa na nani? Huku kwetu hakuna Wayahudi wenzake. Kaka yake wa Arusha ameshamwambia kwamba ataoshwa na wanaume, kwa jina la zamani, la sivyo hatazikwa karibu na mama yao. Donatus, dereva wetu, aliendelea kukoroga chai aliyokwisha kuikoroga. Hosiana, msaidizi wetu wa kisheria, alikwenda dirishani. Mayu Tirza akachukua mkoba akaenda mahakamani. Tangu hapo ofisi haina raha. Mtu huanza kusema jambo, akamalizia na habari za mvua.

Mayu, sasa naandika kwako moja kwa moja. Hatukunyamaza kwa kukataa. Ilituuma kufikiria ofisi hii, na dunia hii, bila wewe. Zuwena wa masjala, ambaye huwaosha wanawake msikitini kwake, amekuwa akitufundisha mimi, Eunice na Hosiana kila Jumanne baada ya kazi, tukikudanganya kwamba tuna kikao cha kikoba chetu cha akiba. Dua za kwenu hatuzijui, utatufundisha wewe. Tutakuosha sisi wanne, wanawake peke yetu, mlango umefungwa, na jina litakuwa Tirza.

Asante kwa kila mtu uliyemrudisha nyumbani mzima. Pumzika kama unaweza. Kuhusu ile kazi tuliyoahidi, tunamwomba Mungu atucheleweshe sana, mpaka na sisi tuwe vikongwe wa kushikwa mkono tukija kukuosha.